Mji Uliobebwa Mabegani: Tarehe ya Tabora na Njia ya Ugogo

Anayeishi Ipagala, Dodoma, leo anaona jiji likitengenezwa mbele ya macho yake. Palipokuwa na mashamba ya uwele na mibuyu pamepimwa viwanja, pamepita lami, zimesimama nyumba za ghorofa. Serikali ilianza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Ndiyo maana vijana wengi wa hapa wanaamini kwamba uwanda huu wa kati haukuwahi kuwa na mji wa maana kabla ya zama zetu. Ulikuwa nao. Katika karne ya 19 palikuwa na mji huku bara ambao habari zake zilifika Muskati, Bombay na London, na pembe za ndovu zilizokusanywa humo zilichongwa kuwa vidole vya piano huko Marekani. Mji huo ni Tabora, na mizigo mingi iliyoingia humo kutoka pwani ilipita kwetu Ugogo na kulipiwa ushuru kwa watemi wa Kigogo.

Nimeiandika tarehe hii nikiwa upande wa njia. Tabora imeandikwa mara nyingi na wageni waliokwenda kwingine, wakapumzika hapo, wakasimulia mapumziko yao. Nataka kuisimulia kwa kufuata mzigo: nani aliubeba, nani alimlisha aliyeubeba, na nani alikuwa na kisima.

Mwanzoni mwa karne ile Unyanyembe ulikuwa utemi mmoja tu kati ya tawala nyingi ndogondogo za Wanyamwezi. Haukuwa mkubwa kuliko jirani zake. Lakini Wanyamwezi walikuwa wasafiri tangu zamani. Walikwenda Uvinza kufuata chumvi, wakabadilishana majembe ya chuma, na shaba ya Katanga ilipita mikononi mwao. Kabla Mwarabu yeyote hajajenga nyumba huko bara, misafara ya Wanyamwezi ilikuwa imekwisha kuikanyaga njia ya kwenda pwani, ikishuka na pembe na kurudi na nguo. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu masimulizi mengi yanaanzia Bagamoyo, kana kwamba njia ilichorwa na wafanyabiashara wa Unguja kwenda juu. Njia ilichorwa na Wanyamwezi kuja chini. Wafanyabiashara wa pwani waliifuata.

Walioifuata mapema ni pamoja na Mhindi mmoja aliyetoka Surat, Musa Mzuri. Yeye na nduguye walipanda bara kutafuta pembe, na Musa akaishi huko miaka mingi. Waarabu nao wakapanda, wengi wao wenye asili ya Omani, wakiondoka Unguja kwa mikopo ya bidhaa waliyopewa na matajiri wa Kihindi. Mwanzoni walipiga kambi upande wa kaskazini, kwa watemi wengine, wakajiingiza katika ugomvi wa wenyeji, wakahama. Kisha, kiasi cha mwaka 1852, Musa Mzuri na Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi, walijenga mahali palipoitwa Kaze, katika Unyanyembe. Palikuwa pori. Wakasimamisha nyumba, wakachimba visima, na watu wakaanza kuwafuata. Kaze ndiyo iliyokuja kuwa sehemu ya Tabora.

Kwa nini pale? Ukitazama ramani utaona kwamba njia tatu zinakutana Unyanyembe: ya magharibi kwenda Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ya kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, na ya kusini kuelekea Ufipa na nchi za shaba. Hiyo ni sababu ya kweli, ila haitoshi. Njia panda ziko nyingi Afrika, na nyingi zimebaki njia panda tu. Unyanyembe ulikuwa na maji yaliyo karibu na uso wa ardhi, mbuga pana zinazoshika maji ya mvua na kufaa kwa mpunga, na wakulima waliojua kazi yao. Msafara wa watu mia tano ungeweza kufika pale bila taarifa, ukakaa mwezi mzima, na ukala. Hapakuwa na mahali pengine kati ya pwani na Ujiji ambapo jambo hilo lingewezekana kila mwaka.

Mtemi wa wakati huo, Fundikira, aliwapokea wageni kwa hesabu zake. Hakuwatoza ushuru mzito. Aliwaacha wafanye biashara naye, na akafunga nao udugu. Binti yake Karunde aliolewa na mfanyabiashara Muhammad bin Juma, ambaye mwanawe kwa mke mwingine ni Hamed bin Muhammad, yule aliyejulikana baadaye kote Kongo kwa jina la Tippu Tip. Ndoa ile ilimpa Muhammad bin Juma heshima ya mkwe wa mtemi, na ilimpa mtemi mkono katika biashara ya pembe.

Tarehe 7 Novemba 1857 waliingia Kaze Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, wakiwa wametoka Kaole, karibu na Bagamoyo, mwishoni mwa Juni. Snay bin Amir aliwakirimu, akawapa nyumba, na akamweleza Burton habari za nchi za mbali kwa usahihi ambao baadaye ulimjengea mgeni wake jina huko Ulaya. Ninachokithamini zaidi katika taarifa za Burton ni hesabu moja ndogo. Alisema Waarabu waliokaa Unyanyembe ni nadra kuzidi ishirini na watano, na msimu wa safari hubaki watatu au wanne. Kaze yenyewe aliiona kuwa nyumba chache kubwa za tembe, kila moja na ua na bustani yake, zimetawanyika. Watu ishirini na watano hawajengi mji. Waliobaki, maelfu kwa maelfu, walikuwa ni wakulima wa Kinyamwezi, wangwana wa pwani, watumwa, mafundi, wauza nafaka, na juu ya wote wapagazi.

Tumtazame mpagazi mmoja kwa karibu. Mzigo wake ni frasila mbili, yaani kilo thelathini na mbili hivi. Kama ni nguo, ni majora ya merikani na kaniki yaliyokunjwa na kushindiliwa mpaka yakawa magumu kama gogo, yakafungwa kwa kamba na kuviringishwa jamvi ili umande na mvua visiingie. Kama ni masango, yaani nyaya za shaba, mizingo inaning'inizwa kwenye ncha mbili za mti unaolala begani. Kama ni pembe kubwa ya ndovu, anaitwika begani peke yake, na huyo ana fahari kuliko wenzake. Juu ya mzigo wa tajiri kuna mzigo wake mwenyewe: mkeka wa kulalia, chungu cha kupikia, kibuyu cha maji, mkuki au bunduki, na posho, ambayo kwa kawaida ni kibaba kimoja cha nafaka kwa siku.

Anaamka kabla ya jua. Mbele anatangulia kirangozi, amevaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, ana bendera na mpiga ngoma nyuma yake. Mtu yeyote akimpita kirangozi njiani anatozwa faini, hata awe nani. Wanatembea hadi jua linapokuwa kali, kisha wanatua, wanazungusha miba, wanapika. Palipo na ukame mbele hawatui: wanaterekeza, yaani wanaondoka tena alasiri na kutembea hadi usiku, walale njiani bila maji, waamkie kisima asubuhi. Wakiona ujira si wa haki, wanaweka mizigo chini na kukaa. Wasafiri wa Kizungu waliwaita wakaidi. Mimi naona watu waliojua thamani ya kazi yao mapema kabisa, kabla ya chama chochote cha wafanyakazi kuandikishwa katika nchi hii. Kwa kijana wa Kinyamwezi, kwenda pwani na kurudi ilikuwa alama ya utu uzima, na aliyekuwa hajaiona bahari alikuwa bado mtoto mbele ya wenzake. Walishuka baada ya mavuno, na mvua zilipokaribia mioyo yao ilikuwa shambani.

Sasa tufike kwetu. Msafara uliotoka Bagamoyo ulipanda Usagara, ukafika Mpwapwa, kisha Chunyo, ambako maji yana ladha ya chumvi. Mbele yake ni Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, na hapo ndipo watu walipoterekeza. Waliokuwa wagonjwa waliangukia humo. Aliyevuka alikuwa ameingia Ugogo: Mvumi, Bihawana, Kididimo, Nyambwa, Kanyenye, hadi Khoko na Mdaburu. Mwandishi wa habari Henry Stanley alipita njia hiyo Mei 1871. Bihawana iko ndani ya Dodoma hii hii ya leo, na mkazi wa Ipagala anaweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Katika kila utemi wa Ugogo msafara ulisimama na kulipa hongo, yaani ushuru wa njia. Mjumbe wa mtemi alikuja kambini, akahesabu mizigo kwa macho, akataja idadi ya doti za nguo. Kiongozi wa msafara akapunguza, mjumbe akapandisha, siku ikaisha, kesho yake wakaanza upya. Mtemi Magomba wa Kanyenye alijulikana njia nzima, na vitabu vya wasafiri vina malalamiko mengi juu yake na wenziwe. Wanaitwa wanyang'anyi, wachoyo, wenye kiburi. Hukumu hiyo naikataa. Kisima cha Ugogo kilichimbwa kwa mikono katika nchi ambayo mvua hunyesha msimu mmoja tu, na baadhi ya miaka hainyeshi ya kutosha. Msafara wa watu mia tano na punda wao unaweza kukimaliza kisima kwa siku mbili, na kijiji kikabaki kinangoja. Hongo ilikuwa bei ya maji, na bei ya chakula kilichouzwa kutoka ghala ambazo huenda mwaka ujao zisingejaa. Wagogo walikuwa na haki ya kutoza, na walitoza sawasawa, awe Mwarabu au Mzungu.

Na hapa pana swali ambalo mtu wa Dodoma lazima ajiulize. Kama Ugogo ulikuwa na mlango, na mlango ulilipiwa, kwa nini mji haukuzaliwa hapa? Jibu langu ni chakula. Mwaka mzuri Ugogo ulilisha misafara, ng'ombe walikuwa wengi, uwele na mtama vilipatikana. Mwaka mbaya hapakuwa na cha kuuza kwa nguo yoyote. Mfanyabiashara hawezi kuweka ghala la pembe mahali ambapo watu wake watakufa njaa mwakani. Alilipa hongo, akajaza vibuyu, akasonga mbele.

Mbele yake kulikuwa na Mgunda Mkali, pori kubwa la miiba kati ya Ugogo na Unyamwezi. Katika miaka ya Burton lilikuwa safari ya kutisha. Lakini Wakimbu waliingia humo kidogokidogo, wakafyeka, wakachimba maji, wakajenga vijiji karibu na Jiwe la Mkoa, wakiwauzia wasafiri nafaka. Msafara wenyewe uliwavuta wakulima. Baada ya Mgunda Mkali kuna Tura, kisha Rubuga, na siku chache baadaye milio ya bunduki ikaanza, kwa maana hakuna msafara ulioingia Tabora kimyakimya. Watu walivaa nguo zao nzuri walizozificha njia nzima, baruti ikachomwa, wanawake wakatoka na vigelegele.

Mji walioukuta katika miaka ya 1860 na 1870 haukuwa na ukuta wala mtaa ulionyooka. Ulikuwa ni mkusanyiko wa makazi yaliyojaza bonde lenye vilima: Kaze, Kwihara, Ituru alikokaa Muhammad bin Juma, Kwikuru kwa mtemi. Nyumba ya tajiri ilikuwa tembe: kuta nene za udongo, paa bapa la miti na udongo, baraza mbele, ua katikati, na mlango wa mbao uliochongwa kwa ufundi wa pwani. Nyuma yake paliota mpapai, ndimu, mkomamanga, vitunguu, na ngano kidogo kwa mkate wa bwana. Miembe ilipandwa, na miembe ya Tabora hadi leo ni alama ya njia waliyopita watu wale. Soko liliuza mchele, mtama, maharage, samli, asali, tumbaku, chumvi ya Uvinza. Kiswahili kilisemwa kila kona, pamoja na Kinyamwezi, Kimanyema na Kiarabu. 

Pasipo kusemwa habari ya utumwa, tarehe hii haitakuwa kweli. Watumwa, wengi wao waliotekwa Manyema na nchi nyingine za magharibi, walifikishwa Tabora kwa maelfu. Wengine walipelekwa pwani, na wengine wengi walibaki wakilima. Mwanamume wa Kinyamwezi aliyekwenda Bagamoyo miezi mingi aliweza kwenda kwa sababu shambani kwake, au kwa mjomba wake, alikuwapo mtu aliyenunuliwa kwa pembe. Wingi wa chakula nilioutaja hapo juu, uliouwezesha mji, ulitoka pia kwenye jembe la mtumwa, na mara nyingi mtumwa huyo alikuwa mwanamke. Wajukuu zao ni wenyeji wa Tabora leo kama wengine wote. Wana sehemu kamili katika sifa ya mji huo.

Siasa ya mji ilichafuka mapema. Fundikira alifariki kuelekea mwisho wa miaka ya 1850, na Mnywa Sere akakalia kiti. Mnywa Sere alifanya jambo ambalo mtemi yeyote wa Ugogo angelifanya: aliwatoza Waarabu ushuru wa bidhaa. Waarabu walikuwa wamezoea ukarimu wa Fundikira. Mwaka 1860 wakamwondoa, wakamweka Mkasiwa, mtu aliyekubali kukaa nao kwa masharti yao. Mnywa Sere akaingia porini na watu wake, akapigana miaka mitano, akakata misafara, hadi alipouawa mwaka 1865. Snay bin Amir, mjenzi wa Kaze, alikufa katika vita hiyo hiyo. Rubuga, iliyokuwa nchi ya kupendeza Burton alipopita, ilibaki magofu. Stanley aliikuta ukiwa. Naamini Mnywa Sere alikuwa sahihi. Mji uliokuwa ukitajirika juu ya ardhi yake ulipaswa kumlipa mwenye ardhi.

Sultani wa Unguja alikuwa na liwali wake Unyanyembe, Said bin Salim, yule yule aliyeongoza msafara wa Burton. Amri yake ilifika mpaka pale ambapo wafanyabiashara wenzake walipenda ifike.

Kisha akaja Mirambo. Jina lake la kuzaliwa ni Mtyela Kasanda, na katika miaka ya 1860 alikuwa mtemi wa nchi ndogo magharibi ya Tabora. Aliwakusanya rugaruga, vijana wa vita wasio na shamba, akaunganisha utemi mmoja baada ya mwingine, na nchi yake ikaitwa Urambo. Alifahamu kitu kimoja kwa ukamilifu: anayeshika njia ya Ujiji anaishika Tabora. Mwaka 1871 aliifunga. Waarabu wakatoka kumpiga, na Stanley, aliyekuwa amefika Kwihara mwezi Juni, akajiunga nao, wakashindwa vibaya. Mwishoni mwa Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akamuua Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa mji, akachoma moto sehemu ya mji na kuondoka na pembe na ng'ombe. Stanley alitoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe lake Kwihara akingoja zamu yake, na Mirambo hakuja. Vita ile iliendelea kwa kupungua na kuongezeka miaka mingi, ingawa Sultani Barghash alituma askari kutoka Unguja. Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884, na himaya yake ikasambaratika haraka baada yake.

Februari 1872 Stanley alirudi Kwihara pamoja na David Livingstone, aliyemkuta Ujiji. Livingstone alibaki katika nyumba hiyo hadi Agosti 1872, akingoja wapagazi watoke pwani. Hii ni habari ambayo husomwa kwa haraka, nami nataka msomaji aisome polepole. Mzungu maarufu kuliko wote wa zama zake alikaa miezi hawezi kwenda popote, kwa sababu hakuwa na watu wa kumbebea mizigo. Walipofika, akaondoka. Alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake, wakaubeba hadi Unyanyembe mwezi Oktoba, na kutoka hapo, kupitia njia yetu, hadi Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874.

Wamisionari wa Kikatoliki, Mapadri Weupe, walifika Tabora mwaka 1878. Mtemi Isike, aliyemrithi Mkasiwa, aliwaangalia kwa tahadhari. Alikuwa na ngome imara, bunduki nyingi, na hamu ya kuwa bwana wa mji kama Mnywa Sere alivyotaka. Agosti 1890 Emin Pasha aliinua bendera ya Ujerumani Tabora kwa makubaliano na Waarabu. Isike hakuitambua. Mashambulizi kadhaa ya Wajerumani yalishindwa, hadi Januari 1893 Tom von Prince alipoibomoa ngome. Isike alipoona wameingia, aliiwasha ghala ya baruti akiwa humo pamoja na watu wa nyumba yake.

Kwetu Ugogo hongo ilikuwa imekwisha kuvunjwa kwa moto. Mjerumani Carl Peters, akirudi kutoka Uganda mwaka 1890, alichoma vijiji vya Wagogo na kuchukua mifugo yao, kisha akaandika kitabu akajisifu nayo. Ikajengwa boma Kilimatinde kulinda njia. Mtemi aliyekuwa akipokea doti za nguo akaanza kutoa kodi.

Katika miaka hiyo ya Wajerumani Tabora ilikuwa ndiyo mji mkubwa kuliko yote huko bara katika koloni lao. Bado mizigo ilikuwa mabegani. Ndipo reli ikaja. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma Februari 1914. Behewa moja lilibeba kilichohitaji wapagazi mamia. Katika miaka michache kazi iliyoujenga mji ikatoweka, na Wanyamwezi wakaelekea kwenye mashamba ya mkonge, Tanga na kwingineko, wakiwa vibarua. Dodoma ilizaliwa na kitu kile kile kilichoidumaza Tabora, maana garimoshi lilileta chakula mahali ambapo mvua hukataa. Hata hivyo njaa haikuondoka. Ile ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, iliua maelfu kwa maelfu baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo.

Mwaka 1916 Tabora ilikuwa makao ya serikali ya Wajerumani iliyokimbia kutoka pwani. Katika karakana ya reli, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke, walipiga sarafu za rupia 15 zenye picha ya ndovu. Watu wanaozikusanya leo huzinunua ghali sana. Tarehe 19 Septemba mwaka huo Wabelgiji wakauteka mji. Waingereza walipouchukua waliifanya Tabora kuwa mji wa shule na wa reli. Shule ya serikali ilifunguliwa mwaka 1922 na Julius Nyerere akasoma hapo, na Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora ulikata shauri kushiriki uchaguzi wa kura tatu. Mtemi wa Unyanyembe, Abdallah Fundikira, alikuwa waziri katika serikali ya kwanza ya Uhuru.

Tarehe 1 Oktoba 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na mlango wa karne ya 19 ukawa kitovu. Maji ya Dodoma yanatoka kwa kiasi kikubwa katika visima vya Mzakwe, chini ya ardhi, vilevile kama zamani, ila sasa wanaoyategemea ni mamia ya maelfu. Wanaopanga jiji hili wanayajua hayo kuliko mimi. Ninachowaomba ni kwamba kila mpango wa viwanja vipya utanguliwe na mpango wa maji yake.

Tembe la Kwihara limehifadhiwa kuwa makumbusho, na linajulikana kwa jina la Livingstone, aliyekaa humo miezi michache. Namheshimu mzee huyo. Lakini Tabora inastahili kibao chenye majina ya Fundikira, Karunde, Mnywa Sere na Isike, na chumba kizima cha wapagazi, chenye mzigo wa kilo thelathini na mbili ambao mtoto wa shule ataruhusiwa kuunyanyua.

Nasi hapa tuna nafasi ya kuanza bila bajeti yoyote. Tangu kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022, kila mtaa wa mji unahitaji jina, na Ipagala ina barabara nyingi mpya ambazo bado zinaandikwa. Ombi langu kwa viongozi wa mitaa na kwa wakazi wenzangu: katika mikutano yenu ya kupendekeza majina, pendekezeni Marenga Mkali, Chunyo, Kididimo, Nyambwa, Mgunda Mkali, Tura, Rubuga. Pendekezeni na moja liitwe Barabara ya Wapagazi.